Mafuta Yaliyoenguliwa

Mfuniko wa sufuria ulipogongwa asubuhi ile, mtaa mzima ulijua maana yake: Gunia ameanguka.

Hakuna aliyeuliza. Ishara ilipangwa tangu mwaka uliopita, na aliyeipanga ni mkewe mwenyewe. Alipita nyumba kwa nyumba, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, akawaomba wanaume wenye mabega. Moyo wa mume wangu si wa kuaminika, aliwaambia, na mimi peke yangu siwezi kumnyanyua; mkisikia mfuniko unagongwa kwa mwiko, acheni mlichoshika mje. Basi mchomeleaji wa jirani aliliacha geti la mteja likiwa nusu, ndugu wawili wanaofyatua matofali wakaja na udongo hadi kwenye viwiko, na dereva wa gari dogo la mizigo akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, kama alivyoelekezwa.

Walimkuta Gunia kasimama katikati ya sebule, mfuniko mkono huu, mwiko mkono ule, mdomo wazi. Alikuwa muuza nyama, mtu wa kujaza mlango. Wakamvaa. Mmoja kwapa la kulia, mwingine kwapa la kushoto, na aliyebaki akaikumbatia miguu kama anayebeba gogo.

"Siyo mimi," Gunia alisema. "Niacheni. Siyo mimi."

Mchomeleaji alimtuliza kwa upole, maana walishaambiwa kwamba wagonjwa wa moyo ni wabishi. Kadiri alivyorusha mateke ndivyo walivyozidi kuamini. Ndala moja ilidondoka kizingitini, ya pili uani, na mzee mzima akalazwa nyuma ya gari akiwa bado ameshika mwiko.

Aliyesimamisha mambo ni Bibi, mama yake Gunia. Alitoka ndani akiburuta miguu, akashika ubavu wa gari kama mtu anayemzuia ng'ombe.

"Mzima mnampeleka wapi? Mgonjwa yuko jikoni."

Wanaume wakatazamana. Dereva, mguu wake ukiwa tayari kwenye mafuta, aliuliza jikoni kuna nani.

"Sindano," Bibi alisema.

  Sindano? Yule wa kuamka kabla ya jogoo? Mtaani walikuwa na utani wao juu ya ndoa ile: Mungu anajua kupanga, walisema, maana gunia bila sindano humwaga mahindi njiani. Mume mnene, mke fundi wa cherehani, mwembamba mpaka ukimtazama ubavuni unadhani kaondoka. Kila mtu alijua siku moja gunia litapasuka. Hakuna aliyewahi kufikiria habari ya sindano kukatika.

Walimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati la vyombo, futi bado shingoni. Uso wake ulikuwa umelowa kama aliyenawa asijifute. Mkono mmoja ulishika taya. Alipowaona, aliwaomba radhi kwa kuwakatisha kazi, kisha akasema mtu azime jiko, sufuria ya baba isije ikaungua.

*

Sufuria ya baba ndiyo ilikuwa dini ya nyumba ile.

Ilianza siku Gunia alipopimwa, akaambiwa presha iko juu na damu yake ina mafuta mengi. Alirudi nyumbani amenywea. Mkewe hakulia. Alikwenda kununua mafuta ya alizeti, akaiweka chupa kwenye rafu ya juu kabisa, akatangaza kwamba hiyo ni ya baba, asiiguse mtu, maana bei yake si ya kuchezea. Nyama ya Gunia ilichemshwa jioni ikaachwa ipoe mpaka asubuhi. Mafuta yalipoganda juu, meupe, mazito kama nta, Sindano aliyaengua kwa kijiko bila kubakiza hata doa. Ndipo supu ikapashwa moto, na mume akanywa supu nyepesi kama maji ya mvua. Jikoni kulikuwa na karanga zake, parachichi lake, na samaki wake. Akapungua kidogo. Presha ikashuka. Kliniki wakamsifu, naye akasema msifuni mke wangu.

Na yale yaliyoenguliwa?

Nyumba ile haikuwa ya watu wa kutupa. Sindano alishona viraka kwa mabaki ya viraka. Alichukua kopo la maziwa ya unga, akayaweka humo. Tena kule buchani, wateja nao walishaanza kusema, nikatie isiyo na mafuta, nami nina moyo; shahamu ikabaki mezani haina mnunuzi, na Gunia akairudisha nyumbani kwenye mfuko. Siku ya kwanza alisita kidogo kumpa mkewe. Yeye akacheka. Aliyekatazwa ni wewe, baba, alimwambia, mimi niko kama uzi, mafuta yatakaa wapi?

Gunia aliona ni neno la haki. Mnene ndiye anayekatazwa mafuta. Mwembamba anayahitaji, ili anenepe kidogo. Tangu hapo kila alipoleta mfuko alisema, huu wako, kwa sauti ya mtu anayeleta zawadi.

Basi Sindano alipokwisha kuwapakulia wote, alirudi jikoni kwake. Alichota kijiko kwenye kopo, akakaangia kilichobaki: viazi, yai, hata chakula cha jana. Alikula amesimama, akichungulia dirishani kama kuna mteja. Bibi alipomkuta alimtegea kitendawili, maana vikongwe hawana mali nyingine.

"Juani hutembea, kivulini huketi."

Sindano alijibu bila kugeuka: "Mafuta ya kopo, mama." Wote wawili wakacheka. Kitendawili kilikuwa chepesi mno.

*

Kwenye geti la hospitali, mlinzi alimwona Gunia anashuka, akamsukumia kiti cha magurudumu mpaka magotini.

"Kaa, mzee. Taratibu."

Gunia akaonyesha nyuma ya gari. Mlinzi akachungulia, akamwona mwanamke mwembamba kati ya wafyatua matofali wawili, akasema mama huyo anaonekana kachoka tu, atembee polepole, kiti ni kimoja na wenye moyo ndio wanaokitumia. Alisema bila ubaya. Alisema kwa kumtazama Gunia tumbo. Sindano mwenyewe, kwa sauti ya uzi, alimwambia mumewe akae, yeye atajikongoja.

Gunia alimnyanyua kama mtoto, akamketisha kitini, akakisukuma yeye mwenyewe, miguu peku kwenye sakafu ya hospitali. Watu wa kwenye foleni walimpisha yeye. Nesi naye alimfuata yeye na mashine ya presha, akamshika mkono, mpaka alipoona kichwa cha Sindano kimelala begani. Hapo ndipo mbio zilipoanza. Walimtafunisha kidonge, wakambandika nyaya kifuani, pazia likavutwa, na Gunia akabaki nje na mkanda wa mashine ukiwa umemfunga mkono.

Binti yao alifika kutoka dukani anakotoa nakala, vidole vyeusi kwa wino. Alipoambiwa nyumbani kuna mgonjwa alidhani ni baba yake, basi alimrukia kwa furaha ya kumwona amesimama, akamwambia, kumbe umepona. Kisha akatazama huku na huku. Akauliza mama yuko wapi. Gunia akalitazama pazia, na msichana akaketi chini pale pale aliposimama.

Baada ya muda daktari alitoka. Alikuwa dada mdogo mwenye miwani, mwenye sauti ya kuchoka. Alisema mshipa mmoja wa moyo umeziba, dawa ya kuuzibua inaendelea kuingia, na kwamba saa hizi ndizo za kuamua. Hakuahidi kitu. Akataka kujua maumivu yalianza lini.

Binti alisema wiki iliyopita taya lilimuuma, wakamwambia ni jino. Mgongo nao ulimuuma, wakamwambia ni cherehani. Alikuwa akikosa pumzi akibeba ndoo, wakamwambia ni umri. Msichana alikuwa akijibu huku akijisikia mwenyewe, na kila jibu lilimshusha sauti.

"Presha yake mara ya mwisho ilikuwa ngapi?"

Gunia alisema haijui. Daktari akauliza kama huwa hawafiki kliniki. Wanafika, Gunia alisema, kila mwezi hawajakosa, mkewe ndiye anayemleta na ndiye anayemshikia kadi.

"Kila mwezi anakaa kwenye benchi lile," daktari alisema, "na hakuna aliyewahi kumpima?"

"Anayeumwa ni mimi," Gunia alisema.

Daktari aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza Sindano hula nini.

Gunia alifungua mdomo. Mtu huyu alikuwa na uwezo wa kumtazama ng'ombe akiwa bado na pembe zake akakwambia nyama itatoka kilo ngapi. Alikumbuka kila kilichoingia kwenye sahani yake mwenyewe tangu siku aliyopimwa. Akatafuta kichwani sahani ya mkewe, asiione. Akaitafuta rangi yake, asiione. Akatafuta mara ya mwisho walipokaa pamoja, vijiko viwili vikigongana, akaikuta mbali sana, binti akiwa bado wa kubebwa.

"Anakula chakula," alisema. "Tunachokula sisi."

"Hali na sisi," binti alisema. "Anakula baadaye. Jikoni."

"Nini, huko jikoni?"

 Bibi, aliyekuja nao garini na sasa ameegemea ukuta, alisema polepole kama anayejitonesha kidonda:

"Juani hutembea, kivulini huketi."

Daktari alimgeukia akidhani bibi kachanganyikiwa. Ikabidi mama wa watu aeleze: kopo, kijiko, mafuta anayoengua kwenye sufuria ya mumewe, na shahamu inayorudi kutoka buchani. Kila siku? Kila siku, mwanangu. Nililiona. Nikalifanyia kitendawili.

Daktari hakugomba. Ingekuwa nafuu kama angegomba. Aliwaeleza kwamba mafuta yanayoganda yenyewe bila kuwekwa kwenye barafu, yakiliwa kwa wingi siku nenda siku rudi, huongeza lehemu mbaya, ile kolesteroli, kwenye damu. Nayo hujibandika ndani ya mishipa kidogo kidogo, kama masizi kwenye bomba la jiko, mpaka siku moja njia inafunga. Mafuta yenyewe si sumu, mwili unayahitaji. Lakini yanayofaa zaidi ni yale yanayobaki maji, ya mbegu, ya samaki, ya karanga.

"Hayo nyumbani kwenu hayapo?"

"Yapo," Gunia alisema.

"Anayakula nani?"

Gunia alitazama vidole vyake vya miguu.

"Lakini dada," binti alisema, "mama ni mwembamba."

"Mishipa haina mizani," daktari alisema. "Haijui nani mnene nani mwembamba." Akaongeza kwamba si mafuta peke yake, kuna presha isiyopimwa, kuna umri, kuna kurithi. Akauliza mama yake Sindano alikufa na nini. Gunia alisema alikufa ghafla, akianika nguo, na hakuwa mgonjwa. Kisha alipolisikia neno lake mwenyewe, hakuwa mgonjwa, alishika ukuta.

*

Walimtuma Gunia nyumbani kuleta nguo za kubadilisha. Dereva alimshusha mlangoni, akamkabidhi mwiko wake uliosahaulika nyuma ya gari, akaondoka bila utani.

Jikoni kulikuwa kama walivyokuacha. Sufuria ya baba ilikuwa imepoa. Kikaangio kilikuwa kando, na ndani yake yai la Sindano ambalo hakuwahi kulila. Mafuta yalishaganda kulizunguka, meupe, yamelishika kama saruji iliyoshika tofali. Gunia alitia kidole. Aliyajua mafuta haya. Yalimlisha, yalimsomesha binti, jioni aliyasugua mikononi kwa sabuni na maji ya moto na bado hayakutoka vizuri. Maji baridi hayayawezi kabisa. Hakuwahi kujiuliza kifua cha mkewe kina maji ya moto kiasi gani.

Alitafuta sahani ya mkewe. Kabatini kulikuwa na sahani kubwa ya Gunia, ya Bibi yenye maua, ya binti, na za wageni zilizofungwa kwenye karatasi. Ya Sindano haikuwepo. Alikuwa akila kwenye mfuniko wa sufuria. Gunia aliuona pale juu ya meza, ule ule aliougonga asubuhi, umebonyea katikati, na pembeni una alama za kijiko.

Kopo lilikuwa nyuma ya jiko, limejaa hadi mdomoni. Alikuwa amelishika mikono miwili, hajui alitupe wapi, mke wa mchomeleaji alipobisha mlangoni. Mama huyo alikuja kwa wema. Alimpa pole, akauliza hali ya mgonjwa, akasema mtaa mzima unamwombea. Kisha akakawia. Kisha akasema, kama hatamwona mtu wa ajabu, lile kopo, iwapo kwa sasa hakuna wa kulitumia, yeye nyumbani mafuta yameisha na watoto wamekwishaanza kuuliza.

Gunia alilikumbatia kopo.

"Hili hapana, shemeji."

Mama wa watu akarudi hatua. Alisema hakuna neno. Alisema ameelewa. Na macho yake yakasema ya kwake: watu wa bucha kwa choyo, hata mke akiwa anakufa. Gunia alitaka kumweleza, akaacha. Kuna mambo ukiyasema jirani anajua nyumba yako ilivyo ndani. Alimwacha afike uani, ndipo alipomwita. Alinyoosha mkono rafu ya juu kabisa, akateremsha chupa ya alizeti, akampa.

"Si ya kwako hii, ya dawa?"

"Pika," Gunia alisema. "Na wewe ule."

Alichimba shimo nyuma ya choo kwa jembe la Bibi, akalizika kopo na vilivyomo. Alishindilia udongo kwa mguu mpaka ukawa sawa. Kisha akanawa mikono, akarudia kunawa.

*

Sindano hakufa. Dawa iliuzibua mshipa, ingawa daktari alisema sehemu ya moyo imeshaumia na haitarudi ilivyokuwa. Vidonge vitakuwa vya maisha, na cherehani itabidi isubiri. Siku aliporuhusiwa kuketi, neno la kwanza alilomwambia mumewe lilikuwa kuuliza kama amemeza dawa zake.

Gunia alikuja na chakula alichopika mwenyewe. Viazi vimechemka mpaka vimesahau kuwa viazi, na samaki kavunjika vipande. Alikiweka chote kwenye sahani yake kubwa, kwa sababu hakupata nyingine ya kumpa mgonjwa, na vijiko viwili. Binti alimwinua mama yake mgongo. Bibi alikaa upande wa miguu.

Sindano alikitazama chakula kwa jicho la fundi anayeona mshono wa mwanafunzi.

"Kula wewe kwanza, baba," alisema. "Nitamalizia utakachobakiza."

Gunia hakushika kijiko. Sindano naye hakushika. Mvuke ukapungua juu ya viazi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walianza kuwatazama, na mmoja akauliza kama chakula kinasubiri kuombewa.

"Kula, baba, kinapoa."

"Kipoe."

Alimwona mumewe jinsi taya zake zilivyokaza, mtu mzima anayekaribia kulia mbele za watu, akaona amsaidie kwa njia aliyoijua.

"Kitendawili," Sindano alisema.

Gunia aliitikia: "Tega."

"Nyumba nzima anailisha, yeye hana sahani."

Bibi aliweka kiganja mdomoni. Binti akageukia dirisha. Gunia hakuhitaji kufikiri, maana alishatafuta sahani ile kabatini kwa mikono yake.

"Ni wewe," alisema.

"Siyo mimi." Alitaka kucheka, kifua kikamkataza, akatabasamu tu. "Ni upawa. Umeshindwa na upawa, mwanamume mzima. Nipe mji."

Ndivyo ilivyo, anayeshindwa hutoa mji, na mtegaji akipewa mji huutawala atakavyo. Utotoni watu hutoa miji mikubwa ya mbali wasiyowahi kuiona. Gunia alifikiri. Akasogeza sahani mpaka ikagusa goti la mkewe.

"Nakupa huu, wa nyumbani kwetu."

"Huu nao zawadi? Si ndimo ninamoishi miaka yote?"

"Ndimo," Gunia alisema. "Ukae tena."

 Sindano alichukua kijiko, akachagua kipande cha samaki kilichobaki kizima, akakila, wote wakimtazama anavyotafuna, kama watu wanaoona jambo hilo kwa mara ya kwanza.